Waume Niliowaua kwa Kidole

Ulikuwa mwaka wa ugali mweusi. Unga wa mahindi ulipanda bei mpaka wanawake wakawa wanausalimia dukani na kuuacha palepale kwenye rafu, tukarudia muhogo na mtama, ule ugali unaoshika vidole kama udongo wa chungu. Watoto waliozaliwa mjini waliusukuma pembeni ya sahani wakiuliza nani ameunguza chakula. Samaki nao walikuwa wa katoni, wamekuja na barafu yao kutoka nchi za mbali, na sisi ziwa tunaliona tukisimama mlangoni. Aliyebahatika alipata mgongo wazi, ule mfupa wa mbuta uliokwisha kuvuliwa nyama kiwandani, akaukaanga na nyanya nyingi, akawaambia watoto wake kwamba leo ni samaki.

Kwangu hatukulala njaa mwaka ule, na sababu ni mjukuu wangu. Naliandika hilo mapema kwa sababu najivuna, na mtu anayesoma haya ajue tangu mwanzo kwamba mimi ni mwanamke wa kujivuna. Nilisoma mpaka darasa la tatu nikatolewa kwenda kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Kuandika naandika, herufi kubwa kubwa kama za kwenye gunia. Lakini mjukuu wangu alisoma kompyuta chuo kikuu kule Bondo, akarudi akaweka meza yake sebuleni kwangu hapa Kisumu, na kutoka kwenye meza ile alifanyia kazi watu ambao hajawahi kuwaona uso. Wageni wakija niliwapitisha upande huo makusudi. Nilikuwa nasema, "Msimsumbue, yuko ofisini," na ofisi yenyewe iko kati ya kochi na meko.

Ni binti wa mwanangu wa kwanza. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka minne, na waliomlea pamoja nami ni wanawake wa kikundi chetu, sisi tulioolewa upande wa Pap Onditi lakini tunaishi hapa mjini. Kikundi hicho tulikianzisha wajane wanne. Kukiwa na msiba au harusi nyumbani, tunakwenda pamoja, tunapika pamoja, tunarudi pamoja. Wakati wa msiba wa mama yake, mmoja wetu, mwanamke anayeuza masweta ya mitumba pale soko la Kibuye, alimbeba mgongoni wiki nzima, akipika naye mgongoni, akichota maji naye mgongoni. Msichana amekua akimwita mama huyo Mama, tena bila kuongeza kitu. Kwa hiyo jina lake zuri mbele ya wanawake wale halikuwa jambo dogo. Ndilo pekee alilokuwa nalo mahali pa mama. Na mimi ndiye niliyelichafua, kisha nikanyamaza.

Mambo yalianza hivi. Ofisi ya maendeleo ya jamii ilitaka kikundi kipeleke orodha mpya ya wanachama, iliyopigwa chapa vizuri: jina la mwanamke, jina la mume, na kwao alikozaliwa. Tukasema orodha hiyohiyo tutaisoma mbele ya watu kwenye sherehe yetu ya mwaka. Mjukuu wangu akakubali kuipanga. Majina alikuwa ametumiwa kwa simu na katibu wetu, mwalimu mstaafu mzaliwa wa upande wa Waluhya, na yalikuja kama mchicha uliomwagwa: kila mwanamke mstari mmoja mrefu, yeye, koma, mume, koma, kwao.

Alasiri moja akaniita kutoka mezani. Yeye huniita Dani, yaani bibi kwa Kijaluo.

"Dani, njoo uone uchawi."

"Uchawi mimi hapana. Mimi mtu wa kanisa."

"Basi njoo uone kazi."

Nikaenda nikasimama nyuma ya kiti chake, mikono ina unga. Kile anachoandikia programu zake za kazini ndicho alichokuwa amefungulia orodha yetu, kioo cheusi na maandishi meupe madogo kama simsim.

"Wako hamsini na nne," akasema. "Ofisi inataka kila mmoja awe mistari mitatu. Nikikata mmoja mmoja nitakesha. Sasa angalia mkono wangu. Nabonyeza hii yenye F na tatu, imeanza kurekodi. Kila kitu nafanya inashika. Natafuta koma, navunja mstari. Natafuta koma nyingine, navunja. Nashuka kwa mama anayefuata. Nabonyeza F na nne, imeacha kurekodi. Umeona?"

"Nimeona mama mmoja amekatwa vipande vitatu. Hata panga ingefanya."

"Ngoja basi." Akabonyeza ile F na nne tena, mara moja, na mama wa pili akakatika mwenyewe. Akabonyeza tena, wa tatu. "Inaitwa makro. Unaifundisha mara moja, inarudia. Na nikibonyeza hizi mbili pamoja, niweke sifuri, halafu F na nne, inaenda mpaka mwisho wa orodha bila mimi."

Akabonyeza. Kioo kikatetemeka kidogo, na wanawake wote hamsini na nne wakawa wamepangwa mistari mitatu mitatu kama watoto wa shule asubuhi.

Nilipiga kelele. Sioni haya kwa kelele hiyo. Ninachoona haya ni nilichokiona pale, kwa sababu nilikiona vibaya. Kuna mwanamke mwenye jina fupi na kuna mwenye majina manne, kuna waume wa herufi tano na kuna wa ukoo mzima. Na ile makro iliipata koma kila mahali, ikajua mke anaishia wapi na mume anaanzia wapi. Mimi nikasema moyoni, hii mashine ina macho. Inawajua watu.

Kisha nikamwonyesha mstari wa mume wangu. "Hapa ameandikwa kama mtu anayekunywa chai sebuleni. Mbele yake iandikwe marehemu. Na wajane wenzangu pia."

"Ni kweli, Dani. Nikirudi nitaweka. Bosi amenipigia mara mbili, hapa ndani netiweki ni mbovu." Akachukua simu akatoka kwenda getini.

Ningesubiri tu. Alikuwa getini, nilimwona kupitia dirishani akizunguka na simu yake. Lakini nilifikiria vile atakavyorudi akute imefanyika, na vile nitakavyowaambia wenzangu kwamba hata mimi, darasa la tatu, nimeshika kompyuta. Nikapangusa mikono kwa leso. Nikakaa kwenye kiti chake chenye magurudumu kikanikimbia kidogo, nikakirudisha.

Nilikumbuka kila kitu. Nikashuka na mshale mpaka mwanzo wa mstari wa mume wangu. Nikabonyeza F na tatu. Nikaandika kwa kidole kimoja, M, A, R, E, H, E, nikakosea nikaweka N, nikaifuta, nikaweka M, U, na nafasi. Nikashuka mistari mitatu mpaka kwa mume wa mama wa pili, nikarudi mwanzo wa mstari kama nilivyomwona akifanya. Nikabonyeza F na nne. Kisha F na nne tena, na mume wa mama wa pili akawa marehemu, na ni kweli ni marehemu. Tena, wa tatu, na ni kweli. Tena, wa nne, na ni kweli.

Wale wanne ni sisi wajane waanzilishi. Tuko juu ya orodha kwa sababu tulianza. Kuna wajane wengine watatu huko chini, wametawanyika. Nikatazama kioo, nikasema, hii imeshajua ninachotaka. Nilidhani anayejua jina la mume lilipo anajua pia kama mume yupo. Nikabonyeza zile mbili pamoja, sifuri, F na nne.

Kioo kikatetemeka kikatulia. Yale maandishi ya mwisho sikuyasoma, macho yangu yalikuwa yamechoka na simsim ile ilinishinda. Nikabonyeza vile vitufe viwili vya kuhifadhi nilivyomwona akivibonyeza kila mara, nikapandisha orodha mpaka juu, nikainuka kama mtu aliyetoka kwenye kiti cha daktari.

Aliporudi alikuwa na haraka, bosi wake alitaka kitu kabla ya saa kumi.

"Dani, ile ya marehemu..."

"Nimeweka."

"Nani ameweka?"

"Mimi. Kwani mkono ni wako peke yako?"

Akainama akaona juu pale, marehemu, marehemu, marehemu, marehemu, zote mahali pake. Akanishika mashavu yangu kama mimi ndiye mtoto. "Yawa, Dani! Umeandika mwenyewe, moja moja?"

"Na kidole changu hiki," nikasema.

Huo ndio uongo wa kwanza, na ulikuwa mtamu sana. Sikutaka kusema nimegusa makro, alikuwa amezoea kuniambia nisiguse vitufe vya juu. Akasema, "Na wale wengine watatu?" Nikasema, "Wote wako." Akaituma kwa duka la printi palepale. Aliniamini, basi.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, nyumbani Pap Onditi, hema limewekwa, viti vya plastiki, spika ya kukodi. Kwetu orodha ikisomwa kuna utaratibu. Mwanamke akisikia jina lake anasimama. Akisomwa mume, mume anainua kofia au mkono, na watu wanapiga makofi. Mjane anasimama peke yake, anaweka mkono kifuani, na watu wananyamaza kidogo kwa ajili yake. Ni jambo zuri. Nimelipenda miaka yote.

Yule mwenye masweta ya Kibuye alikuja na mume wake. Mzee alikuwa ametoka hospitali wiki hiyohiyo baada ya kulala huko miezi miwili, tena mara mbili watu walikuwa wameambiwa wajiandae. Mama aliomba gari kwa jirani, wakambeba mpaka kwenye kiti cha mbele, akamfunika magoti kwa shuka, akamvalisha kofia. Alitaka kumwona akiinua kofia ile. Aliniambia mwenyewe asubuhi, "Leo watu wataona niko na mume."

Mwalimu akashika kipaza sauti. Akanisoma mimi kwanza, mwenyekiti, mke wa marehemu fulani, nikasimama nikaweka mkono kifuani. Wajane wenzangu watatu wakasimama, mmoja baada ya mwingine, watu wamenyamaza. Akaja wa tano.

"Mke wa marehemu," akasoma, na jina la mtu aliyekuwa ameketi palepale safu ya pili na soda mkononi, fundi wa baiskeli. Yule bwana akageuka nyuma kuangalia kama kuna mwingine mwenye jina lake. Mwalimu akisoma huwa hasikii, amewasomea watoto miaka thelathini, sauti inatoka tu. Akaendelea. Wa sita, marehemu. Mume wa sita akasimama na kofia juu, "Mwalimu, niko hapa!" Vijana wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti, "Mzee, lala chini, umesomwa!" Hema zima likacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshajua.

Wa saba alikuwa mama wa masweta. Alikuwa ameshasimama, mkono wake uko kwenye bega la mume wake, anamwambia sasa inua, sasa ndiyo wewe. Na Mwalimu akasoma.

Kicheko kilikatika kama umeme. Kwetu mtu aliye hai haitwi marehemu hata kwa utani, na mgonjwa ndiyo kabisa. Yule mama alimziba mume wake masikio kwa mikono yote miwili, huku neno limeshaingia. Kofia ikaanguka.

"Nani ameandika hiyo?" akauliza. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu.

Mwalimu alikuwa anageuza karatasi, marehemu, marehemu, mpaka mwisho, mpaka mume wake mwenyewe aliyekuwa nje anachoma nyama. "Imetoka kwa kompyuta ya mjukuu wa mwenyekiti," akasema.

Watu wakamgeukia mjukuu wangu. Alikuwa amesimama karibu na sufuria, amevaa gauni jipya la kijani. Yeye akanigeukia mimi. Aliniangalia tu, kama mtu anayekuuliza njia.

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa nimesimama, mimi ni mwenyekiti, kipaza sauti kiko hatua tatu. Na hiki ndicho nilichosema, nakiandika kama kilivyotoka: "Watoto wa siku hizi, kichwa chote kiko kwa simu."

Baadhi ya wanawake wakaitikia, "Kweli kabisa, Mama."

Mjukuu wangu akaenda akapiga magoti mbele ya yule mzee, kwenye nyasi, na gauni lake la kijani. "Baba, nisamehe, nilikosea." Alisema nilikosea. Mzee akapapasa mpaka akapata kichwa chake. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini sote tuliisikia: "Simama, mtoto wangu. Marehemu anaomba soda."

Watu wakacheka kwa shukrani. Mke wake hakucheka. Aliokota kofia, akaipangusa, akasema bila kumtazama msichana, "Huyu asikanyage kwangu tena." Wakambeba mzee mpaka kwenye gari na chakula hakikuwa kimegawiwa.

Kesho yake, Jumapili baada ya kanisa, mjukuu wangu aliniita mezani. Hakusema uchawi wala kazi. Alisema tu, "Dani, kuja."

Kumbe ile mashine inaweza kukuonyesha ilichokumbuka. Akanifungulia dirisha dogo, na ndani yake kulikuwa na vidole vyangu. M, A, R, E, H, E, N, kufuta, M, U, nafasi, chini, chini, chini, mwanzo wa mstari. Hata ile N niliyokosea nikaifuta. Hamsini na nne walipitiwa hivyo, kila mume aliandikiwa N kwanza, ikafutwa, ndipo akauawa.

"Mimi sijaandika hii," akasema. "Mimi siandiki na kidole kimoja."

Nilimwambia nini? Nilimwambia, "Mimi niliandika wale wanne tu. Hao wengine labda paka alipita kwa meza."

"Paka wa wapi, Dani? Hatuna paka."

"Wa jirani."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, nami nikaanza kucheka, nikidhani tumevuka. Kisha akaacha, na uso wake ukawa wa mtu mzima sana.

"Haijui mume ni nani," akasema. "Haijui hata kama ni jina. Inashuka mistari mitatu, inaandika ulichoandika, inashuka tena. Ile siku ilinitafutia koma kwa sababu mimi niliiambia itafute koma. Wewe hukuiambia itafute mjane."

Nikashika leso nikaanza kupangusa meza.

"Ni sawa, Dani. Sitasema kwa mtu." Akaifunga kompyuta polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Nimetukanwa maishani. Nimesukumwa sokoni, nimefukuzwa na mashemeji nikiwa na maiti ndani. Hakuna kilichonishusha kama lile "sitasema." Mtoto niliyemfundisha kufunga vifungo ananificha mimi, kama vile mimi ndimi mtoto aliyemwaga maziwa. Na nilikubali! Nilikwenda nikapika ugali wetu mweusi, nikamwekea yeye kipande kikubwa, nikadhani hicho ni kitu.

Wiki sita nilikaa hivyo. Kwenye mkutano wa kwanza niliwasikia wakisema vijana hawana heshima, nikaitikia kwa kichwa. Kichwa changu mwenyewe kilikwenda juu na chini, nilikihisi kwenye shingo. Orodha ilisahihishwa kwa mkono, kila marehemu wa uongo akapigwa mstari, na ofisi ikasema haipokei karatasi iliyochorwachorwa bila barua ya kueleza. Nyumbani msichana hakubadilika kwa adabu. Alinisalimia, alininunulia dawa ya presha. Ila hakuniita tena kuja kuona kitu. Kompyuta ikifanya jambo la ajabu alicheka peke yake, kwa sauti ndogo, na mimi nikiwa mekoni nilijifanya nachochea moto wakati jiko lenyewe ni la gesi.

Kilichonitoa ni habari ya Kibuye. Kuna mama mmoja pale anauza viazi, alikuja zamani kutoka mkoa wa kati, na kibanda chake kinatazamana na cha masweta. Nilikwenda kwake kununua viazi, akaniambia bila kuzunguka, huyo si mtu wa kuzunguka.

"Msichana wako alikuja hapa Jumatano," akasema. "Na matunda kwa mfuko, ya mzee. Akasimama pale akasema, Mama, habari ya Baba. Unajua yule mama alifanya nini?"

"Alifanya nini?"

"Alichukua turubai akafunika nguo zote, kama mvua inanyesha. Na jua lilikuwa hivi. Msichana akangoja, akangoja. Baadaye akaweka matunda hapa kwangu akaniambia nile na watoto." Akanipimia viazi. "Kwani alifanya nini mbaya hivyo, kumshinda hata mwizi?"

"Hakufanya kitu," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza nimeyasema hayo kwa sauti, na niliyasemea viazi.

Mkutano uliofuata ulikuwa kwangu. Walikuja kumi na tisa. Mama wa masweta alikuja pia, kwa sababu mume wake alikuwa amemsihi mpaka akakubali. Mzee alikuwa anaendelea vizuri, ameanza kutembea mpaka chooni na kujisifu. Yule mama alikaa karibu na mlango. Mjukuu wangu alikuwa anagawa chai, na alipofika kwake yule mama aliweka kiganja juu ya kikombe.

Ajenda ya kwanza ilikuwa ile barua ya ofisi. Nikasimama kabla Mwalimu hajafungua daftari. Nikashika meza ya kompyuta.

"Wale waume niliwaua mimi," nikasema.

Hawakuelewa. Mmoja akasema, "Mama, presha?"

Nikawaeleza yote. Kitufe cha kwanza, cha pili, sifuri. Nikawaeleza nilivyoona marehemu wanne wa kweli nikadhani mashine inajua waliobaki. Nikawaeleza nilivyosema ni kidole changu, na nilivyosema ni paka. Pale kwa paka wawili walicheka wakafunika midomo. Nikawaambia kwamba mtoto alijua tangu Jumapili ile na hakunitaja, na kwamba nilimwacha apige magoti kwa ajili yangu, nikamwongezea maneno juu ya mgongo.

Mama wa masweta alisimama. Nilidhani atatoka.

"Wiki sita," akasema. "Mimi namfunikia mtoto turubai, na wewe unakula naye."

"Ndiyo."

"Ungeniambia jioni ileile ningekutukana, tukamaliza."

"Najua."

"Basi sasa hatujamaliza." Akageuka akachukua kile kikombe alichokataa, akanywa chai yote kwa mara moja, ilikuwa ya moto, macho yakamtoka maji. Akakirudisha kwa msichana. "Baba yako anakuuliza kila siku," akamwambia. "Kesho uje na matunda." Mimi hakunitazama tena, na mpaka leo ninapoandika haya ananisalimia kwa kichwa tu. Ana haki.

Mwalimu akakohoa, akafungua daftari. Yeye ni mtu wa karatasi. "Wamama, tusikilizane. Ofisi inataka sababu. Barua ikisema mwenyekiti ndiye aliyeharibu orodha akanyamaza, watauliza kama kikundi kina mwenyekiti. Naandika hivi: kulitokea hitilafu ya kompyuta. Hakuna mtu anaumia. Kompyuta haina mume, haina watoto, haioni haya."

Wakaitikia. "Hiyo ni sawa." "Mwalimu ameongea." "Mama amesema hapa ndani, imetosha, ibaki hapa ndani."

Hata mjukuu wangu aliweka birika chini akanikaribia. "Dani, kubali," akaninong'oneza. "Watu wote wanasemanga hivyo. Hata kazini kwetu. Mimi sina shida."

Nataka kuwa mkweli: nilitaka kukubali. Ilikuwa mbele yangu, sentensi ndogo, safi, na kiti changu cha mwenyekiti kiko ndani yake. Mwalimu alikuwa ameshaandika "hitilafu ya" na kalamu inangoja. Lakini karatasi ile itakaa ofisini na jina la aliyepiga chapa liko chini ya orodha, na mtu yeyote akisoma hitilafu ya kompyuta atauliza kompyuta ya nani.

"Hapana," nikasema. "Kompyuta haikukosea na mtoto hakukosea. Andika mimi."

Mwalimu akavua miwani. "Mama mwenyekiti," akasema kwa upole, ile sauti ya kumpa mtoto nafasi ya pili, "fikiria vizuri. Nikishaandika, imeandikwa."

"Hapana. Kompyuta haikukosea na mtoto hakukosea. Andika mimi."